UZI: Mnaouza nyumba Tabora, haya ndiyo anayoyasema mnunuzi akishatoka getini kwako

Fundi wa Ipuli (mleta uzi)

Wakuu, habari za saa hizi.

Mimi ni fundi mwashi hapa Tabora mjini. Siku hizi sehemu kubwa ya kazi yangu ni kuwasindikiza watu wanaotafuta nyumba ya kununua. Mtu kahamishiwa huku kikazi kutoka Dar au Mwanza, au ni mkulima wa tumbaku wa Urambo, msimu umemkalia vizuri, anataka nyumba mjini ili watoto wasome. Ananitoa kidogo, tunaingia wote ndani, mimi najifanya shemeji yake. Nagonga kuta, naangalia dari, nafungua bomba. Mwenye nyumba anatuzungusha, tunamwambia "nyumba nzuri mzee, tutawasiliana."

Tukishapanda bajaji ndipo maneno ya kweli yanapotoka, na hayo mwenye nyumba hayasikii kamwe. Anabaki kusubiri simu. Mwezi unapita, anaanza kusema dalali anamfanyia figisu, wengine wanaanza kuhisi wamerogwa.

Sasa naleta humu maneno ya kwenye bajaji. Sitataja nyumba ya mtu.

Nianze na njia. Mnunuzi haanzi kuikagua nyumba yako mlangoni, anaanza pale lami inapoishia. Bajaji ikianza kukwepa mashimo anauliza, "Lori la mchanga linafika huku?" Hapo kichwani keshaanza kujenga fensi kwa hela ambayo anaitoa kwenye bei yako. Kisha anaangalia kama nyumba iko juu au chini ya barabara, na mtaro unamwaga wapi. Mvua zetu ni Novemba mpaka Aprili. Anayekuja kuangalia Agosti, nchi imekauka, anajua anaona nyumba ikiwa katika hali yake nzuri kuliko zote, kwa hiyo anatafuta alama ya maji chini ya ukuta. Ukiwa na mtaro uliojaa mifuko ya plastiki, uzibue. Ni kazi ya nusu siku.

Na atarudi jioni bila dalali. Atanunua soda duka la jirani yako, atauliza kama mtu anayetafuta chumba cha kupanga: maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, wezi vipi, ile baa inazima muziki saa ngapi. Kama ulishagombana na jirani kuhusu mpaka, ataambiwa yote kabla soda haijaisha.

Naendelea, msichoke.

Mwana Isevya

Naweka kambi hapa. Shusha mkuu.

Fundi wa Ipuli

Harufu. Hii ndiyo inaua nyumba nyingi, na hakuna atakayekuambia kwa sababu ni aibu. Pua ya mwenye nyumba imeshazoea. Wewe husikii chemba ya choo, husikii kuku waliolala stoo, husikii mafuta ya kukaangia yaliyoganda kwenye ukuta wa jiko. Mgeni anaingia, anavuta pumzi mara moja, anakunja uso kidogo, halafu anasema "sebule kubwa eeh."

Nyumba za zamani mjini, za Gongoni, Kanyenye, Ng'ambo, zina popo darini. Kwenye hadibodi unaona madoa ya kahawia yenye pete. Mnunuzi anadhani bati linavuja. Mwenye nyumba anajitetea, "Hapana, hapavuji, ni popo tu." Sasa umemtoa kwenye bati ukampeleka kwenye popo, na kwenye bajaji atakachosema ni kwamba ile dari yote inashushwa.

Ukitaka kuwaondoa, usizibe wakiwa ndani, watafia humo na harufu itakuwa mara kumi. Subiri giza liingie watoke, ziba upenyo wa kati ya ukuta na bati usiku huohuo, rudia kesho yake kwa waliobaki. Msizibe wakati wana watoto wasioruka. Kinyesi chao kilowesheni maji kabla ya kukizoa, na mfunge pua na mdomo, vumbi lake si zuri kwa mapafu. Halafu badilisha zile bodi zenye madoa. Usizipake rangi, doa linarudi juu ya rangi.

Kuhusu kupaka rangi juu ya ubovu nina kisa.

Nilikuwa na mwalimu mmoja, mama wa makamo, tukaangalia nyumba fulani maeneo ya Cheyo. Imepakwa krimu mpya, inang'aa. Chumba cha nyuma, pembeni ya fremu ya mlango, kuna kipande cha ukuta upana wa kiganja, rangi yake nzito kuliko kwingine. Mwenye nyumba akasimama palepale, mgongo kwenye fremu, anatuelezea habari za feni. Anaeleza na hasogei. Nikamwomba maji ya kunywa. Alipotoka nikachukua bisibisi, nikaigusa fremu. Haikugota. Ilizama mpaka kwenye mpini. Ubao wote ndani ulikuwa umeliwa, ni rangi ndiyo imeshikilia umbo la fremu.

Yule mama hakusema kitu. Kwenye bajaji akaniambia: "Fundi, mchwa siwaogopi, nimezaliwa Sikonge. Ningenunua na mchwa wake kwa bei ya nyumba yenye mchwa. Lakini yule baba amenificha hapa, sasa sijui kanificha wapi pengine."

Hakurudi, na ndilo jambo lililonifanya nifungue uzi huu. Ubovu unaoonekana una bei: fremu kiasi fulani, fundi kiasi fulani, wanatoa, mnaelewana. Ule ambao mnunuzi anahisi upo lakini haoni, anaupangia bei mwenyewe, na huwa anapanga kubwa. Rangi mpya kwenye nyumba nzima sawa. Rangi mpya kwenye kipande kimoja inamwita fundi kama mimi nije na bisibisi.

Mchwa wa ardhini hukauka haraka wakikaa hewani, ndiyo maana wanajenga zile njia za udongo kupanda ukutani. Ukiibomoa njia na kupaka rangi hujawafanya chochote, chanzo kiko chini ya msingi. Dawa inapigwa kwenye udongo kuzunguka nyumba na pale wanapotokea. Oili chafu tunaitumia wote, siwadanganyi, ila inanuka, inachafua ukuta, na haifiki kwenye kichuguu. Fremu iliyoliwa ng'oa, weka ya mninga au ya chuma, na iache bila kupaka rangi hadi wanunuzi wamalize kuja. Mtu akiuliza "mbona hii haina rangi?" unamjibu mchwa waliila, nimepiga dawa, nimebadilisha. Nimeona watu wakilipia baada ya jibu la namna hiyo.

Mwana Isevya

Mkuu samahani, lakini hapa si unawafundisha wauzaji jinsi ya kutuuzia magofu? Sisi wanunuzi tutakoma.

Fundi wa Ipuli

Nimesema kinyume chake, soma tena taratibu. Mimi nalipwa na wanunuzi. Na anayedanganya kwa makusudi ajue Sheria ya Mikataba inampa aliyedanganywa nafasi ya kuukataa mkataba. Unaweza kuwa umeshakula hela na bado ukaitwa baraza la ardhi.

Mstaafu Reli

Mimi ninauza nyumba Malolo. Nilijenga mwenyewe nikiwa kazini, mfuko kwa mfuko, risiti za saruji na bati ninazo zote kwenye begi. Juzi kaja kijana mmoja, umri wa mwanangu wa mwisho, anaangalia mwembe wangu anasema "huu tutakata." Mwembe huu hata baba yangu aliukuta. Nikamwambia nyumba haiuzwi, nenda.

Fundi wa Ipuli

Shikamoo mzee wangu.

Mwembe nakuelewa. Mji huu watu wanaujua kwa miembe tangu enzi za misafara ya Ujiji na Bagamoyo, na wewe ukikaa chini yake unaona kivuli cha Oktoba ambapo jua linachoma mpaka ndani ya bati. Kijana haoni kivuli. Anaona mizizi inaenda kwenye msingi na kwenye shimo la choo, majani yanaziba mfereji wa bati, na Novemba watoto wa mtaa mzima wanarusha mawe embe zikiwa mbichi na moja linatua kwenye kioo chake. Kabla mteja mwingine hajaja, punguza matawi yaliyolalia bati, fagia, weka benchi au viti chini yake. Akija mkaribishe mkae pale kwanza kabla ya kuingia ndani. Akitaka kukata akishanunua, atakata, utakuwa haupo.

Kuhusu risiti, mzee nisamehe kwa nitakachosema. Mnunuzi hazimhusu. Hata kama msingi wako ulimeza mifuko mia, yeye anaona nyumba hii na ile ya mtaa wa pili inayouzwa kwa bei ya chini. Lakini usizitupe! Kodi ya faida ya kuuza mali, ambayo mkazi hulipa asilimia 10 ya faida, ni ya muuzaji, na faida hukokotolewa baada ya kuondoa gharama. Begi lako lipeleke TRA, huko litasomwa vizuri.

Dalali Mwaminifu

Fundi unaongea vizuri ila wauzaji wanatuangusha kwenye bei. Mtu anasema SGR inapita Tabora kwa hiyo nyumba yake ya Kiloleni imepanda mara mbili. Reli inajengwa, ni kweli, vipande vya Makutupora na vya Isaka vinakutana hapa na kingine kinaenda Kigoma. Lakini treni haitasimama sebuleni kwake.

Mwana Isevya

😂😂 Na cha juu je, dalali?

Dalali Mwaminifu

Cha juu ni jasho la mtu. Unajua nimechakaza viatu vingapi?

Fundi wa Ipuli

Dalali tuheshimiane. Mwenye nyumba anataka milioni arobaini, wewe unamwambia mteja hamsini, mteja anaingia ndani na macho ya hamsini. Anaona kitasa kibovu cha hamsini. Nyumba ambayo kwa arobaini angeipenda anaidharau, na mwenye nyumba hajui kwa nini. Wauzaji, mwambieni mteja bei mbele ya dalali, na asilimia ya dalali mwandikiane mapema.

Kijana wa Mwanga

Nawasalimia kutoka Kigoma. Mchwa huku wapo ila mteja wa Kigoma ana macho tofauti kidogo. Sisi tuna vilima na udongo mwekundu. Mvua ikipiga, tope linarukia ukutani mpaka usawa wa goti, nyumba nzima inakuwa na soksi nyekundu. Mwenye nyumba ameshaacha kuiona. Mteja anaona nyumba chafu, anahisi na msingi haujatunzwa. Dawa yake ni kumwaga kokoto au zege upana wa hatua moja kuzunguka nyumba, na chini ya ukuta paka rangi ya giza badala ya nyeupe.

La pili ni korongo. Nyumba za mteremkoni Gungu, mtu anasogea nyuma ya nyumba kuangalia maji yamechimba wapi. Kama una ukuta wa mawe wa kuzuia udongo, usiache umefunikwa na majani ya maboga, fyeka auone. Nilishaona mtu anashusha bei kwa hofu ya mmomonyoko na ukuta upo pale chini ya maboga.

Na kama uko karibu na ziwa, Kibirizi kwa mfano, swali la kwanza ni "mwaka ule ziwa lilipopanda, maji yalifika wapi?" Watu hawajasahau 2020 na 2021. Mwonyeshe mahali halisi, maana akitoka hapo anaenda kuuliza wavuvi.

Fundi wa Ipuli

Hili la soksi nyekundu nalichukua, hata huku lipo.

Dada Kanyenye

Habari za humu jamani. Nina swali, na msinicheke. Tunauza nyumba ya marehemu baba, tuko watoto watano, mama yupo hai na anaishi humo humo, baadaye atahamia kwangu Nzega. Kila mteja akija mama anampikia chai. Wiki iliyopita alikuja mama mmoja na mumewe, wakanywa chai, halafu yule mama akiwa jikoni akasema kwa sauti, "Hili jiko tunalibomoa lote, lipo kizamani." Mama yangu alikuwa mlangoni ameshika thermosi. Tangu siku hiyo hataki kusikia habari ya kuuza. Na nyuma kuna kaburi la baba. Nifanyeje?

Fundi wa Ipuli

Pole sana dada, na mpe mama pole.

Kwanza mama asiwepo wateja wakija. Si kwamba ni wa kufichwa. Jiko lile amepikia watoto watano, hakuna mgeni atakayeliona hivyo, na haki hiyo mgeni anayo kwa sababu ni hela yake. Mpeleke kwa dada yake au kanisani au msikitini siku hiyo. Anayebaki kuonyesha awe yule kati yenu anayeweza kuambiwa "choo kibaya" akajibu "ndiyo, kimechakaa, shimo lakini ni kubwa." Na msipike chai. Mteja aliyekunywa chai yako anaona aibu kukuambia ukweli, anaenda kuumaliza kwenye bajaji.

Jiko msilibomoe wala msijenge jipya. Masizi ya mkaa yakwangueni, pigeni chokaa, badilisheni bomba linalodondoka. Basi. Mtakachojenga ninyi, atakayenunua atakibomoa vilevile.

Picha za ukutani, kalenda za miaka iliyopita, makombe ya shule, vitunzeni mapema kwa mama. Makochi yakizidi, ondoeni, sebule haionekani.

Kaburi ni jambo zito. Msilifiche kwa maua, na msisubiri mteja alikute. Dalali alitaje kwenye simu kabla mtu hajapanda bajaji. Wengine watakataa hapohapo na mtakuwa mmeokoa muda. Kama kiwanja ni kikubwa, ongeeni na halmashauri kuhusu kukigawa, mpima aje, kipande chenye kaburi na njia yake kibaki cha familia. Kuhamisha mwili ni habari nyingine, inataka vibali na afisa afya, msiite vijana wenye majembe.

Ila kabla ya yote hayo: nyumba ni ya marehemu, nani msimamizi wa mirathi?

Dada Kanyenye

Kaka yetu mkubwa ndiye anaongoza. Kikao cha ukoo kilimchagua.

Fundi wa Ipuli

Kikao kimempendekeza. Anayemteua ni mahakama. Bila barua ya mahakama hana cha kuuza, na mnunuzi yeyote mwenye wakili atawaambia hivyo. Nendeni mahakama ya mwanzo na muhtasari wa kikao na cheti cha kifo. Lifanyeni hili kabla ya kununua hata kopo moja la rangi.

Hapa naongea na wote. Mnunuzi akishatoka kwenye kuta anakagua karatasi, na macho ni yaleyale, anatafuta kilichofichwa. Hati miliki, je, ni ya miaka 33, 66 au 99 na imebaki mingapi? Au una leseni ya makazi, au una karatasi ya serikali ya mtaa tu? Yoyote uliyonayo sema mapema, kwa sababu anayenunua kwa mkopo wa benki atataka hati na kwa karatasi ya mtaa hawezi, msipotezeane muda. Mke au mume anajua? Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, nyumba ya familia haiuzwi bila ridhaa ya mwenza. Mnunuzi mjanja akiona mama hayupo kwenye mazungumzo anaanza kuhema. Bili ya maji ilipe, weka risiti mezani. Kodi ya jengo tangu 2021 inakatwa kwenye LUKU, kwa hiyo nunua umeme mbele yake aone kama kuna deni linalokatwa. Dakika moja, na amani inamrudia.

Bikoni zako, zile alama za mipaka ya kiwanja, unazijua zilipo? Zichimbue ziwe wazi. Nimeshaona mzee anazunguka kiwanja chake mwenyewe na fimbo, anachokonoa ardhi, "ilikuwa hapa hapa," na mteja anaangalia saa.

Mstaafu Reli

Fundi, nimepunguza matawi. Kumbe bati lilikuwa na majani kiasi hicho. Sasa niambie, pampu ya kisima na simtanki mnunuzi anadhani ni vyake?

Fundi wa Ipuli

Anadhani, ndiyo mzee. Na feni, na taa za nje, na antena. Alichokiona siku ya kwanza amekinunua moyoni. Unachotaka kuondoka nacho ng'oa kabla ya mteja wa kwanza kuja, au andika kwenye mkataba wa mauziano kimojakimoja.

Dalali Mwaminifu

Dada Kanyenye, nyumba ipo karibu na nini? Nina mteja hapa, ni watu ambao makaburi hayawapi shida, kwao wameyaacha uani pia.

Dada Kanyenye

Karatasi ya mahakama ikitoka nitakutafuta. Na bei nitamwambia mteja mwenyewe, wewe ukiwepo.

Dalali Mwaminifu

Fundi umeniharibia biashara 😂 Haya dada, nasubiri.